Nani aliharibu sinema: kompyuta au mteja?

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie sinema. Mimi si mhakiki wa filamu. Ni mtengenezaji wa programu anayelipa tiketi yake, ananunua bisi, na kutoka ukumbini na maoni yake kama mtu mwingine yeyote. Lakini kuna lalamiko moja ninalolisikia kila tukitoka kutazama filamu ya mamilioni ya dola: "Siku hizi filamu hazina ladha, kila kitu ni kompyuta."

Hollywood nayo imelisikia. Ndiyo maana filamu kubwa sasa zinatangazwa kwa kujisifu kwamba mambo yalifanywa kweli mbele ya kamera. Chukua Top Gun: Maverick ya 2022. Tulielezwa jinsi waigizaji walivyopandishwa ndege za kivita halisi, na ni kweli walipandishwa, wakiwa abiria nyuma ya marubani wa jeshi. Jambo ambalo matangazo hayakulipigia kelele ni kwamba takriban vipande 2,400 vya filamu hiyo viliguswa na mafundi wa picha za kompyuta. Kipande hapa nina maana ya picha moja isiyokatwa, kabla kamera haijahamia kwingine. Mimi niliipenda sana filamu ile. Je, kompyuta iliiharibu? Hata kidogo!

Basi kama si kompyuta, ni nini? Tukipitia historia tutaona kwamba swali muhimu si kama kompyuta imetumika. Swali ni hili: uamuzi ulifanywa lini? Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Filamu nyingi zinazotuudhi ni samaki waliokunjwa wakiwa wamekauka.

Tuanze na mwaka 1982. Kampuni ya Disney ilitoa Tron, hadithi ya mtengenezaji wa programu anayemezwa na kompyuta. Ilikuwa na takriban dakika 15 za picha zilizochorwa na kompyuta peke yake, jambo kubwa kwa wakati ule. Mashine zilikuwa dhaifu mno hivi kwamba kazi iligawiwa kampuni nne. Mwongozaji wake, Steven Lisberger, amesema kwamba Tron haikuteuliwa kwa tuzo ya Oscar ya picha za aina hiyo kwa sababu kutumia kompyuta kulionekana kama kudanganya. Kwa hiyo lalamiko la leo si jipya, lina miaka zaidi ya arobaini!

Sasa twende 1993, Jurassic Park. Steven Spielberg alikuwa amepanga kuwachezesha dainosari wake kwa vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, kazi ya fundi stadi Phil Tippett. Kisha vijana wa kampuni ya ILM wakamwonyesha dainosari aliyetengenezwa kwa kompyuta akitembea, na mpango ukabadilika. Tippett hakufukuzwa. Alibakishwa awafundishe watu wa kompyuta jinsi mnyama mzito anavyotembea, maana wao walijua mashine na yeye alijua miili.

Angalia hesabu yake. Dainosari wanaonekana kwa takriban dakika 15 tu katika filamu nzima, na kati ya hizo takriban sita ndizo za kompyuta. Zilizobaki ni sanamu zinazoendeshwa kwa mashine, kazi ya Stan Winston na mafundi wake. Uso ukikaribia kamera ni sanamu, mwili mzima ukikimbia ni kompyuta. Usiku na mvua vikasaidia kuficha kasoro. Kila kipande kilijulikana kitakuwaje kabla hakijapigwa. Ndiyo maana ukiitazama leo bado unashtuka.

Baada ya hapo nguvu ya kompyuta ikaongezeka na bei ikashuka. Mwaka 1995 Toy Story ikawa filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta. Mwaka 2002 programu iitwayo Massive, iliyoandikwa na Stephen Regelous, ilijaza uwanja wa vita katika The Lord of the Rings: The Two Towers kwa maelfu ya askari, kila mmoja akijiamulia apigane vipi. Haya ni maendeleo ya kupongezwa. Lakini yalileta kishawishi kimoja: ikiwa kompyuta inaweza kubadilisha chochote, kwa nini tuamue sasa? Tutarekebisha baadaye.

Ninyi mnaoandika programu mnaijua sentensi hiyo. Ni mteja anayesema "anza tu, tutaelewana," kisha wiki moja kabla ya kukabidhi anataka rangi nyingine, ukurasa mwingine na malipo yale yale. Hollywood iko vivyo hivyo. Kwa kawaida studio haiajiri mafundi hawa moja kwa moja. Kampuni za nje zinashindana kwa bei, na inayoshinda mara nyingi hulipwa kiasi kilichokubaliwa mapema. Studio ikibadilisha mawazo mara kumi, gharama ya mabadiliko huelemea kampuni ile, na tarehe ya kutoka kwa filamu ilikwisha kutangazwa zamani.

Matokeo yake yalionekana wazi Februari 2013. Rhythm & Hues, kampuni iliyomtengeneza yule chui mkubwa wa milia wa Life of Pi, iliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Wiki chache hazikupita, filamu hiyo ikapewa Oscar ya picha za kompyuta. Nje ya ukumbi mamia ya mafundi walikuwa wakiandamana. Ndani, mshindi Bill Westenhofer alipoanza kuitaja hali ya kampuni yake, muziki ulipigwa na sauti yake ikazimwa. Filamu yenyewe iliingiza zaidi ya dola milioni 600.

Mwaka 2019 ulitupa vioja viwili. Trela ya Sonic the Hedgehog ilitoka Aprili, watu wakamcheka yule mnyama na meno yake ya binadamu, na studio ikaamua achorwe upya. Angalau hapo tarehe ilisogezwa, kutoka Novemba 2019 hadi Februari 2020, na filamu ikafanya vizuri. Cats yenyewe iliingia kumbini Desemba ikiwa haijaiva, na siku chache baadaye kumbi zikatumiwa toleo lililorekebishwa. Naam, sinema ilitolewa na kiraka kama programu mbovu! Watu walicheka, lakini kuna aliyekesha akishona kiraka hicho.

Mwaka huo huo ulitoka The Lion King mpya, ya Jon Favreau, ambayo kwetu ina uzito wake kwa sababu ya Simba, Rafiki na Kiswahili chake. Kiteknolojia ni ajabu. Timu ilivaa miwani ya uhalisia pepe na kutembea ndani ya mbuga ya kompyuta kana kwamba wako nyikani, wakichagua pa kuweka kamera isiyokuwepo. Favreau mwenyewe alisema ni kipande kimoja tu kilichopigwa kweli, lile jua linalochomoza mwanzoni. Maoni yangu? Manyoya yalikuwa mazuri, nyuso zilikuwa zimekufa. Simba wa katuni wa 1994 alilia nikamwamini. Huyu alionekana kama yuko kwenye kipindi cha wanyamapori. Mufasa, iliyotoka Desemba 2024, ilirekebisha hilo kiasi, macho yanasema kitu.

Filamu zote mbili zilitengenezwa na kampuni ya MPC. Zilikusanya fedha nyingi, ya kwanza zaidi ya dola bilioni 1.6. Februari 2025, miezi miwili tu baada ya Mufasa, Technicolor, kampuni mama ya MPC, ilianguka. Maelfu ya mafundi katika Uingereza, Kanada, India na kwingineko walijikuta bila kazi. Wale waliotengeneza manyoya ya simba unywele kwa unywele!

Sasa tuziangalie filamu nyingine za karibuni. Dune: Part Two ya 2024 ni nzuri mno kwa macho yangu, na ina kompyuta tele. Siri yake ilianza na ile ya kwanza ya 2021: badala ya mapazia ya kijani, mafundi walitumia mapazia ya rangi ya mchanga, ili mwanga unaowarukia waigizaji ufanane na wa jangwani. Huo ni uamuzi wa kabla ya kamera kuwashwa. The Flash ya 2023, yenye watoto wachanga wanaoanguka kutoka hospitali, ilinifanya nigeuze uso. Mwongozaji alieleza kwamba mwonekano ule ulikusudiwa. Sawa, lakini mimi niliona wanasesere. Jurassic World Rebirth ya 2025 iko katikati. Mbio za mtoni na dainosari mkubwa zimepangwa vizuri, zinatisha. Yule kiumbe wa mwisho hakunitisha kabisa. Gareth Edwards aliyeiongoza alianza kama fundi wa picha za kompyuta, na pale alipopata nafasi inaonekana.

Kipimo bora zaidi hakitoki Hollywood bali Japani. Godzilla Minus One ya 2023 ilitengenezwa kwa chini ya dola milioni 15, vipande 610, mafundi 35. Machi 2024 ilizishinda filamu za mamia ya mamilioni ikachukua Oscar. Mwongozaji Takashi Yamazaki ndiye pia aliyesimamia picha za kompyuta. Fundi akiwa na swali, mwenye kuamua yuko pale pale. Hakuna barua pepe zinazozunguka miezi mitatu.

Kwa hiyo nani aliharibu sinema? Si kompyuta, na hakika si mafundi wake. Ni mazoea ya kuahirisha uamuzi na kumtwika gharama yule asiye na sauti. Sauti hiyo imeanza kusikika: Septemba 2023 mafundi wa picha za kompyuta walioajiriwa na Marvel walipiga kura kujiunga na chama cha wafanyakazi cha IATSE, na hakuna hata mmoja aliyepinga.

Nawaomba jambo moja. Filamu ikiisha msikimbilie mlango. Yale majina yanayopanda kwa dakika kumi, mengi yake ni ya watu wanaofanya kazi kama yetu, mbele ya kioo, usiku. Na wengine waliofanya kazi hiyo hawamo hata kwenye orodha.