Mikengeuko ya Jedwali la Elementi na Uthabiti wa Kanuni Yake

Anayejifunza kemia huelezwa mapema kwamba tabia za elementi hubadilika kwa utaratibu: ukifuata safu mlalo ya jedwali kutoka kushoto kwenda kulia, atomu hupungua ukubwa, na nishati ya kung'oa elektroni yake ya nje huongezeka. Baada ya hapo hupewa orodha ya elementi zisizofuata mwelekeo huo, azikariri kwa ajili ya mtihani. Ufundishaji wa namna hii hujenga dhana kwamba kanuni ni jambo moja na mikengeuko ni jambo jingine. Makala haya yanatetea msimamo tofauti: mikengeuko huzaliwa na nguvu zilezile zinazouzaa mwelekeo, na ndiyo inayoipima nadharia kwa ukali zaidi.

Historia ya jedwali inaunga mkono msimamo huu. Mendeleev alipolichapisha mwaka 1869, alizipanga elementi kwa uzito wa atomu, lakini aliitanguliza teluriamu mbele ya iodini ingawa teluriamu ni nzito zaidi. Iodini hufanana na klorini na bromini, hivyo mahali pake palikuwa katika kundi lao. Mendeleev aliamini kwamba uzito wa teluriamu ulikuwa umepimwa vibaya. Vipimo vya sasa, 127.6 kwa teluriamu na 126.9 kwa iodini, vinaonyesha kuwa kosa halikuwa la mizani. Mwaka 1913, Moseley alichunguza eksirei zinazotolewa na elementi mbalimbali, akaonyesha kwamba kinachoamua mfuatano ni chaji ya kiini cha atomu. Kwa kigezo hicho teluriamu ni ya 52 na iodini ni ya 53. Mkengeuko ule ulikuwa umeashiria tangu awali kwamba uzito haukuwa msingi wa jedwali.

Nishati ya kung'oa elektroni inatoa ushahidi wa kina zaidi. Katika safu ya pili nishati hiyo hupanda, kwa kuwa kila hatua huongeza protoni moja katika kiini, ilhali elektroni za ganda moja hazikingani vya kutosha na mvuto wake. Hata hivyo, hushuka mara mbili: kutoka kilojuli 899 kwa moli za berili hadi 801 za boroni, na kutoka 1402 za naitrojeni hadi 1314 za oksijeni. Elektroni ya mwisho ya boroni huingia katika obitali ya p, yenye nishati ya juu kuliko ile ya s, kwa hiyo hung'oka kwa urahisi zaidi. Elektroni tatu za p za naitrojeni hukaa kila moja katika obitali yake. Ya nne, inayokuja na oksijeni, hulazimika kuingia katika obitali yenye mwenzake, nazo husukumana. Mvuto wa kiini na msukumano wa elektroni hufanya kazi katika kila atomu ya safu hiyo; kinachobadilika ni uwiano wake.

Mpinzani anaweza kusema kwamba maelezo hayo yametungwa baada ya matokeo kujulikana. Hoja hii ingekuwa na uzito kama maelezo yangehusu oksijeni peke yake. Lakini katika safu ya tatu mishuko hutokea mahali palepale: kutoka magnesiamu kwenda alumini, na kutoka fosforasi kwenda salfa. Zaidi ya hayo, nadharia hueleza hata kiasi cha mkengeuko. Obitali zikiwa kubwa, elektroni zinazozishiriki husukumana kidogo. Tofauti ya kilojuli 88 kati ya naitrojeni na oksijeni hubaki takriban 12 kati ya fosforasi na salfa. Arseniki na seleniamu hukaribia kulingana. Na kutoka antimoni kwenda teluriamu nishati hupanda. Kisingizio kilichotungwa kwa ajili ya elementi moja kisingeweza kutabiri kufifia huko.

Pingamizi la pili ni la walimu: anayeanza huhitaji kanuni nyepesi kwanza. Ni kweli, na hakuna anayedai kwamba somo lianze na obitali. Lakini wepesi unaoficha sababu humwachia mwanafunzi mizigo miwili ya kukariri badala ya wazo moja la kuelewa. Akishafahamu mvuto na msukumano, aulizwe kwa nini oksijeni iko chini ya naitrojeni kabla ya kupewa jibu. Swali hilo litampima kama ameielewa kanuni au ameikariri tu.