Vijiumbe na Vijidudu

Vingunguti, jijini Dar es Salaam, magari ya kunyonya majitaka huja yakiwa yamejaa, yakamwaga mzigo na kurudi mitaani. Mzigo huo huingia katika mabwawa yaliyopangwa moja baada ya jingine. Katika mabwawa ya aina hii, la kwanza huwa na kina kirefu na maji meusi. Mapovu hupanda kutoka chini, yakifika juu yanapasuka. Linalofuata ni kijani kama mchuzi wa mlenda. La mwisho lina kina kifupi, kisichozidi sana mita moja, na jua hulipiga kutwa nzima.

Wanaofanya kazi humo hawaonekani kwa macho, na Kiswahili hupata taabu kuwataja. Neno linalokuja kinywani upesi ni vijidudu. Limezoeleka mno kwenye matangazo ya sabuni na mabango ya zahanati, kiasi kwamba anayelisikia hufikiria ugonjwa, kisha dawa ya kuua. Vimelea nalo halifai. Kimelea huota au huishi juu ya mwingine na kumnyonya, ilhali bakteria wa bwawani hawamnyonyi mtu: wanakula mabaki yetu.

Lipo neno vijiumbe. Mzizi wake ni umba, na halimshtaki yeyote. Ushahidi tunao katika matumizi ya wataalamu wa afya wenyewe: wakikusudia wale wanaowafanya watu waugue, husema vijiumbe maradhi. Kama vijiumbe lingekuwa na ubaya ndani yake, maradhi lisingehitajika.

Ukishika neno hilo, mabwawa yanaelezeka vizuri. Kwenye bwawa la kwanza oksijeni haipo, na vijiumbe wanaoishi bila hewa huvunja uchafu na kutoa methani. Ndiyo yale mapovu. Kwenye bwawa la kijani pana ushirika wa ajabu: mwani hutumia mwanga wa jua kutengeneza oksijeni, bakteria huivuta ili wale uchafu, nao huurudishia mwani kabonidioksaidi na virutubishi. Joto la pwani huwaharakisha wote. Katika bwawa la mwisho ndipo vijidudu, sasa kwa maana yake halali, wakiwemo wa kipindupindu, hudhoofika na kufa kwa mionzi ya jua. Maneno mawili, kila moja na kazi yake.

Uingereza, jua likiwa haba, walipita njia nyingine. Mjini Manchester, Edward Ardern na William Lockett walipuliza hewa ndani ya majitaka kwenye chupa. Mara ya kwanza kazi ilichukua wiki kadhaa. Wakamwaga maji yaliyosafika lakini tope lililotuama wakalibakiza, wakaongeza majitaka mapya juu yake, wakapuliza tena. Kila walivyorudia, muda ulipungua, mwisho ikawa suala la saa tu. Walitangaza matokeo hayo mwaka 1914, na njia yao imeenea duniani kote. Tope ambalo zamani lilihesabiwa kuwa takataka ndilo lililobeba wafanyakazi.

Kwa Kiswahili wengine wangelitafsiri jina lake la Kiingereza kuwa tope lililoamilishwa. Ni tafsiri sahihi, ila msomaji anabaki kujiuliza limeamilishwa na nini. Tope hai ni bora: fupi, na linasema papo hapo kwamba ndani yake mna viumbe wanaohitaji chakula na hewa, na wanaoweza kufa.

Hilo la kufa lina uzito hasa majumbani. Karo la nyumba nalo ni makazi ya vijiumbe. Mwenye nyumba aliyefundishwa neno moja tu, vijidudu, humwaga klorini chooni kwa wingi akiamini anasafisha. Dozi kubwa huwaua waliokuwa wakimeng'enya kinyesi. Tope halipungui tena kama zamani, linajaa mapema, harufu inazidi, na fundi anaitwa kuchimba karo la pili wakati la kwanza lilihitaji kuachwa lifanye kazi yake. Sokoni siku hizi wanauza bakteria wa kutia chooni, na wauzaji huwaita dawa, neno lilelile la kuulia.

Kisha gari la kunyonya linaitwa. Bomba linashushwa karoni, pampu inanguruma kwa muda, na tope linasafirishwa hadi bwawa lile jeusi, ambako vijiumbe wengine wanalipokea na mapovu yanaanza upya.