Mto Msimbazi: Kutoka Vilima vya Pugu hadi Baharini



Katika kitabu hiki cha kumbukumbu wenzetu wameandika habari za ujenzi wa hekalu, za wafadhili na za wazee waliotutangulia. Sisi tumeombwa tueleze historia ya mahali penyewe. Tuliona hakuna njia bora ya kufanya hivyo kuliko kuufuata mto unaopita katikati ya mitaa yetu. Wengi wetu huuvuka Msimbazi kila asubuhi tukienda Kariakoo kufungua maduka, wala hatuukumbuki ila siku unapofunga barabara.

Wazee wetu walitoka Gujarati, ambako mto haukuwa maji tu. Kusini mwa nchi ile hupita Mto Narmada, na waumini huuzunguka kwa miguu. Hufuata ukingo mmoja hadi baharini, huvuka mdomoni mwa mto, kisha hurudi kwa ukingo wa pili hadi chemchemi, mto ukiwa daima upande wao wa kulia. Ibada hiyo huitwa parikrama. Safari yake ni ya zaidi ya kilomita 2,000, na anayeitimiza yote kwa miguu hutumia miezi mingi.

Msimbazi una urefu wa kilomita 35 hivi. Familia zetu zimeishi karibu nao kwa vizazi vinne, lakini tulipoulizana katika kikao cha maandalizi, hakupatikana hata mmoja aliyewahi kuutembea wote. Tuliona haya. Tukaamua kuutembea kwa Jumapili tano mfululizo, tukiongozwa na majirani zetu wa Magomeni na Kigogo wanaovijua vichochoro vyake. Haya ndiyo tuliyoyaona na tuliyoyakumbuka njiani.

Pugu

Mto huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe. Anayeujua Msimbazi wa Jangwani pekee hawezi kuamini kwamba ni mto huo huo. Msitu wa Pugu na jirani yake Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, na leo uko chini ya ulinzi wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ndani yake anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku asiyepatikana nje ya Tanzania, ambaye amebakiwa na misitu michache tu. Ziko njia za kutembea chini ya kivuli, liko Bwawa la Minaki, na yako mapango yaliyoachwa na wachimbaji wa udongo mweupe wa kaolini, ambayo sasa ni makao ya popo. Baadhi yetu tuna magoti yanayolalamika, lakini hata sisi tulipanda na kushuka bila ya kutamani gari.

Vilima hivi vimeona mengi. Mwaka 1888 Wabenediktini wa Ujerumani walifungua misheni hapa, na Januari 1889 ikashambuliwa katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, njia ikapanda kupitia Pugu na kufika Morogoro mwaka 1907. Babu zetu waliifuata reli hiyo na maduka yao, kituo kwa kituo. Katika miaka ya 1950 mwalimu mmoja wa shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, alikuwa akishuka mjini kwa mikutano ya siasa, na husimuliwa kwamba mara nyingi alitembea kwa miguu. Mwaka 1955 aliacha ualimu ili aitumikie TANU kwa muda wake wote. Huyo ni Julius Nyerere. Tulipokuwa tunateremka Pugu tukihema, kijana mmoja alituuliza kama Mwalimu naye alipumzika njiani. Hatukuwa na jibu, ila tulijikaza tukaongeza mwendo.

Msitu huo haukubaki mzima. Jiji lilipokua, lilihitaji mkaa, na miti ya Pugu ilikuwa karibu. Tuseme ukweli: mkaa uliopika vyakula vya harusi zetu na sikukuu zetu ulitoka wapi? Hatukuuliza. Kilima kikivuliwa miti, maji ya mvua hayanywei tena ardhini. Hutiririka yote kwa mara moja na kuuchukua udongo, na udongo huo huenda kujaza kitanda cha mto huko chini. Mafuriko ya Jangwani huanzia hapa.

Kinyerezi, Tabata na Vingunguti

Ukishuka Kinyerezi unawakuta vijana wakichota mchanga mtoni kwa makoleo na kuupakia katika malori. Kingo zimekatwa wima, na nyumba zilizokuwa mbali na mto sasa zinauchungulia. Ni rahisi kuwalaumu vijana wale, lakini mchanga wanaouchota ndio uliojenga kuta zetu.

Tabata ina historia ambayo kila mwenyeji wa jiji hili angepaswa kuijua. Kwa miaka mingi taka za Dar es Salaam zilimwagwa pale, zikaungua usiku na mchana, na moshi ukawaingia watu majumbani. Mwaka 1988 wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Hawakuwa matajiri, nao walishinda. Halmashauri ilipoomba iongezewe muda wa kuendelea kumwaga taka, Jaji Lugakingira alikataa, akieleza kwamba kuwaweka watu katika hatari ya namna ile ni kuivunja haki yao ya kuishi iliyomo katika Katiba. Jalala likahamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani wakashinda. Baadaye taka zikaletwa Vingunguti, bondeni. Sasa jalala kubwa la jiji liko Pugu Kinyamwezi, yaani zimepandishwa kuelekea kule mto unakoanzia.

Tulipopita Vingunguti hatukuhitaji kuambiwa tumefika. Maji yalikuwa na rangi isiyo ya maji, na harufu ilituzibisha pua. Hata hivyo kando yake palikuwa na matuta ya mchicha na matembele yaliyostawi, yakinyweshwa kwa ndoo kutoka mto huo huo. Mboga hizo huuzwa sokoni, nasi hatuli nyama, kwa hiyo huenda twazila kuliko wengi.

Ndugu zetu wa Temeke watatukumbusha kwamba si lazima iwe hivi. Wao wanao Mto Kizinga, ambao maji yake yamekuwa yakichotwa na kusafishwa Mtoni kwa matumizi ya wakazi wa jiji. Kizinga nao una matatizo yake, lakini mto wa mjini unaonyweka upo, na uko ng'ambo ya pili ya bandari.

Kigogo na Jangwani

Bonde likipanuka unaingia Kigogo, kisha Jangwani. Klabu mbili kubwa za nchi hii zimebeba majina ya hapa: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, na Yanga ni Wana wa Jangwani. Nusu ya nchi hulitaja bonde hili kila wiki kwa furaha au kwa uchungu, ingawa ni wachache wanaouwaza mto.

Kwamba bonde ni mali ya mto lilijulikana zamani. Mpango Kabambe wa Jiji wa mwaka 1979 uliyahesabu mabonde ya mito kuwa ardhi hatarishi isiyofaa kwa makazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini mtu aliyekosa kiwanja kwingine hujenga anapopata, na jiji halikumpa pengine.

Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo jiji halikuwa limeiona kwa zaidi ya nusu karne. Watu takriban 40 walipoteza maisha. Wengi waliokoka juu ya mapaa. Serikali iliwagawia waathirika viwanja Mabwepande, mbali kaskazini mwa Kinondoni, nao baadhi walirudi bondeni kwa sababu riziki yao ilikuwa mjini. Desemba 2015 nyumba zilizokuwa zimepigwa alama ya X zikabomolewa, na tuliwaona wateja wetu wa miaka mingi wakiwa wameketi juu ya magodoro kando ya barabara.

Katika mafuriko yale ya 2011 waumini wa hekalu walipika wali na dengu, wakakusanya mablanketi, wakapeleka kwa waliohifadhiwa mashuleni. Tumezoea kulikumbuka jambo hilo kwa fahari. Jumapili ya nne ya matembezi yetu, Kigogo, tulifundishwa sehemu ya pili ya habari hiyo.

Mzee mmoja aliyekuwa akituongoza, mkazi wa pale tangu ujana wake, alisimama penye ukingo uliomomonyoka. Udongo ulikuwa umekatika kama keki, na ndani yake, tabaka juu ya tabaka, ilionekana mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo. Akavuta mmoja kwa ncha ya fimbo. Ulikuwa mzima, ukifunguka kama mpya.

"Wazee wenzangu," akasema kwa upole, "hii haikushuka na mvua. Sisi tulipewa dukani."

Hakutaja duka la nani. Hakukuwa na haja. Wengi wetu tuliokuwa pale tuliiuza mifuko hiyo kwa jumla na rejareja kwa zaidi ya miaka ishirini. Ilikuwa bidhaa nyepesi, haiozi ghalani, nayo faida yake haikukosa. Serikali ilipoipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019 tulinung'unika, tukahesabu hasara ya mzigo uliobaki. Hatukuhesabu mifereji iliyozibwa. Tuliwapelekea majirani zetu mablanketi kwa mkono mmoja, ilhali kwa mkono wa pili tulikuwa tumewazibia njia ya maji. Tumeandika hili hapa kwa kuwa kitabu cha kumbukumbu kikikumbuka mema peke yake si kumbukumbu.

Mdomoni mwa mto

Jumapili ya tano tulifika Daraja la Selander, lililopewa jina la mkurugenzi wa kwanza wa idara ya ujenzi wa serikali ya Tanganyika. Kulia kwetu ilikuwa Upanga, ambako wengi wetu tulilelewa. Mbele, juu ya bahari, lilionekana Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Na kati ya madaraja hayo mawili ilikuwapo mikoko, mizizi yake imeshika matope na takataka zote za jiji, huku ndege weupe wakitembea taratibu kati yake.

Hapa ndipo mto unapoingia katika bahari ile ile ambamo sisi, kila mwaka, humaliza sikukuu ya Ganesh kwa kuizamisha sanamu yake. Desturi ya asili ni sanamu ya udongo: imetoka ardhini, inayeyuka, inarudi ardhini. Siku hizi tumezoea zile za plasta zilizopakwa rangi za viwandani, ambazo haziyeyuki. Mawimbi hutupa vipande vyake ufukweni, na watoto wa majirani huviokota.

Habari njema ni kwamba bonde limeanza kutazamwa upya. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi. Ndani yake mna fidia kwa wanaohamishwa, daraja jipya la juu pale Jangwani, na bustani kubwa ya jiji mahali ambapo sasa ni tope. Tukijaliwa, wajukuu wetu watatembea pale jioni chini ya miti. Lakini bustani iliyo chini ya mto mchafu itakuwa bustani chafu, na mkopo hauwezi kumzuia mtu asitupe alichonacho mkononi.

Kwa hiyo tunaliomba hekalu, katika mwaka huu wa maadhimisho, lifanye mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Sanamu ya Ganesh iwe ya udongo wa mfinyanzi, bila ya rangi za viwandani. Vyakula vya sikukuu vigawiwe katika sahani za chuma zinazooshwa, kama walivyofanya mama zetu. Na kila mwaka, baada ya masika, tuutembee mto kutoka Pugu hadi baharini pamoja na majirani wote wanaopenda, wa msikitini, wa kanisani na wa hekaluni, tukiwa na viatu imara, maji ya kunywa na magunia ya kuokotea taka.

Siku tuliyomaliza tulimshukuru mzee wa Kigogo, tukamwomba radhi. Alicheka, akatushika mikono, akatuuliza kama na mwakani tutakuja. Tulimwahidi kwamba tutakuja.