Utabiri wa Mvua na Njia ya Ujiji

Kabla ya Reli ya Kati kufika Kigoma mwaka 1914, mtu wa Usinge aliyetaka kujua kama njia ya Ujiji inapitika hakuwa na ofisi ya kuuliza. Aliwauliza wapagazi. Misafara ya Wanyamwezi iliondoka kwenda pwani baada ya mavuno, kiangazi kilipoanza, na wengi walijitahidi kurudi kabla ya mvua za Novemba: mashamba yaliwasubiri, na bonde la Malagarasi hufurika. Maarifa hayo yaliaminika kwa sababu aliyeyatoa ndiye aliyebeba mzigo njiani.

Kalenda hiyo haikumhurumia mgeni. David Livingstone, aliyecheleweshwa Kwihara akisubiri wapagazi, aliondoka Agosti 1872. Mvua zikamkuta akiwa mgonjwa katika vinamasi vya Bangweulu, akafariki mwaka 1873.

Leo simu humpa msafiri wa Usinge, au mpanda Kilimanjaro, utabiri wa siku kumi. Lakini programu nyingi hutegemea mahesabu ya kompyuta yanayolichukua eneo la kilomita nyingi kama nukta moja. Bonde na kilele huweza kupewa jibu lile lile. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa msimu wa Novemba hadi Aprili kwa mikoa kama Tabora. Huo ndio wa kuanzia, ingawa nao hutegemea vituo vya kupimia.

Basi swali la kisera si programu ipi tupakue, bali ni vituo vingapi tumejenga kando ya njia, na nani amewauliza wakulima na wavuvi wa Malagarasi.