Richard M. Felder

Mhandisi wa kemia wa Marekani, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina mjini Raleigh, na mmoja wa watu walioufanya ufundishaji wa uhandisi uchunguzwe kwa vipimo kama fani nyingine yoyote. Alipata shahada ya uzamivu Princeton mwaka 1966, akaanza kufundisha Raleigh mwaka 1969. Wanafunzi wengi humjua kwanza kwa kitabu cha kiada alichoandika na Ronald Rousseau, *Elementary Principles of Chemical Processes* (1978).

Mwaka 1988, pamoja na mwanasaikolojia Linda Silverman, alichapisha makala kuhusu mitindo ya kujifunza. Walidai kwamba wanafunzi wengi wa uhandisi huelewa kwa kuona na kutenda, ilhali mihadhara imejaa maneno na nadharia. Makala hiyo ilisomwa sana, ikapingwa sana: wanasaikolojia walisema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo wake. Felder alijibu kuwa nia yake ilikuwa mwalimu achanganye mbinu, si kumpangia kila mwanafunzi somo lake.

Kazi yake nzito zaidi ni nyingine. Kuanzia mwaka 1990 alilifundisha kundi moja la wanafunzi kozi tano katika mihula mitano mfululizo. Alikuwa akiukatiza mhadhara kila mara, akitoa swali, mathalani hatua inayofuata katika hesabu iliyoko ubaoni. Wanafunzi walikaa wawili hadi wanne, mmoja akishika kalamu. Baada ya dakika chache alimtaja yeyote ajibu, kwa hiyo hakukuwa na wa kujificha nyuma ya mwenzake. Hata kazi za nyumbani zilifanywa kwa vikundi. Kundi hilo lilipolinganishwa na wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida, wengi zaidi walibaki katika fani na kuhitimu. Ni kweli kwamba mwalimu alikuwa yuleyule katika kozi zote tano, na si rahisi kutenga mchango wa mbinu na wa mtu. Hata hivyo, ni wahadhiri wachache mno waliowahi kujipima kwa muda mrefu hivyo.

Kuanzia mwaka 1991 alishiriki kuendesha warsha za kitaifa za wahadhiri wa uhandisi, na baadaye akaziongoza na mkewe, mtaalamu wa elimu Rebecca Brent. Wawili hao walitoa mwongozo wao, *Teaching and Learning STEM*, mwaka 2016.