Daftari la mjomba, marufuku ya 1974 na kile kiboksi cheusi

Najua nimeadimika. UE zilinibana, halafu likizo nikaenda nyumbani Goziba, na kwetu ukitaka mtandao unapanda juu ya mwamba, unanyoosha simu hewani na kusubiri huruma ya Mungu. Kwa msioijua, Goziba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, kata ya Wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Kutoka bara unakaa kwenye mtumbwi wa injini mpaka makalio yanakufa ganzi. Maisha pale ni sangara na dagaa, mengine yanafuata.

Niliahidi siku nyingi kuandika kuhusu kile kiboksi cheusi cha kuandikia amri, ambacho wengi mnakikimbia mkikiona lab. Leo nakiandika, ila kwa aibu kidogo. Mtaona.

Mjomba wangu ni karani wa mwaloni. Kila mtumbwi wa dagaa ukirudi alfajiri, anaandika kwenye daftari tarehe, jina la mtumbwi na ndoo ngapi zimeshuka. Likizo hii nilimkuta na kesi. Tajiri wa mtumbwi mmoja, tuuite Neema, alikuwa analalamika kwamba mapato hayalingani na siku vijana walizotoka. Hakusema wazi, lakini kila mtu mwaloni alijua maana yake: vijana wanauza mzigo kulekule ziwani. Nahodha alikuwa karibu kufukuzwa.

"Mjomba wee," akaniambia, "si unasoma kompyuta? Nihesabie hili."

Miezi kumi na minane ya daftari. Nina laptop ya mtumba inayochemka kama jiko la mkaa, nimeiwekea Linux kwa sababu kitu kingine hakiingii. Nikakaa siku nne nanakili kila usiku kwenye faili moja la maandishi matupu, mstari mmoja usiku mmoja wa mtumbwi mmoja. Umeme ni wa sola, kwa hiyo nilichapa mchana. Halafu, kwa mikogo, mjomba amesimama nyuma yangu, nikaandika:

grep Neema dagaa.txt | wc -l

Jibu likatoka kabla hajamaliza kukohoa: 212. Jamani, ile sura yake! Usiku 212. Kabla sijafunga laptop habari ilishafika kwa tajiri kwamba "kompyuta imesema".

Hapa niache kidogo kisiwani niwapeleke nyuma, kwa sababu hiyo amri ina umri kuliko wazazi wa baadhi yetu. Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 huko Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Hawakuwa na kioo kama chetu. Walichapa kwenye mashine za teletaipu zilizotoa majibu kwenye karatasi, na ile iliyozoeleka, Model 33, ilipiga herufi kumi tu kwa sekunde. Sasa ndiyo mnaelewa kwa nini amri zinaitwa ls, cp, mv. Herufi ilikuwa na gharama. Mwaka 1973 likaja wazo la Doug McIlroy, kale kamstari kasimama | tunakoita bomba: linachukua kinachotoka kwenye programu moja na kukimimina kwenye nyingine. Mwaka huohuo grep nayo ikaingia kwenye mfumo. Yaani amri mbili nilizomtambia nazo mjomba ni za wakati ule, na bomba lake pia.

Na sisi wakati huo? Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye kazi ya hesabu za Serikali ikahamishiwa kwenye kompyuta, ikaenda vibaya, hasara ikaonekana, na wataalamu wa kuielewa mashine wengi walikuwa wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na aliyeitaka kweli ilibidi aombe kibali maalumu. Mwaka mmoja tu baada ya lile bomba! Milango ilianza kulegea miaka ya 1980.

Nilipoisoma mara ya kwanza mwaka wa kwanza nilicheka kama nyie mnavyocheka sasa. Serikali gani inaogopa kompyuta? Siku hizi sicheki sana. Sitetei marufuku, ilituchelewesha, hilo halina ubishi. Lakini namwelewa mtu aliyeletewa karatasi yenye namba, akauliza imepatikanaje, na ofisini hakuna wa kumjibu.

Turudi Goziba. Jioni ya pili nahodha alikuja nyumbani. Mtu mzima, hakufoka. Akamwamkia mjomba, nami nikamwamkia, akakaa, akasema, "Mwanangu, mimi siku zangu nazijua kwa mwezi." Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo wavuvi wana kalenda yao kichwani. Akaanza kutaja giza moja baada ya jingine na siku walizotoka, na hesabu yake ilikuwa inazidi 212 kwa mbali.

Nilitoka jasho. Nikawasha laptop, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo:

cut -d, -f2 dagaa.txt | sort | uniq -c

Kwa Kiswahili chetu: kata safu ya pili yenye majina, yapange, kisha kila jina liseme limetokea mara ngapi. Mitumbwi mingine naiacha, lakini katikati ya orodha ilikuwa hivi:

212 Neema
31 NEEMA
19 Nema

Mjomba siku nyingine huandika kwa herufi kubwa. Siku nyingine, alfajiri, baridi, ana haraka, e moja inabaki kwenye kalamu. Mimi nami nilinakili kama alivyoandika bila kushtuka. Kwa binadamu ni mtumbwi mmoja, kwa grep ni mitatu. (Ningeweka grep -i ingeniletea NEEMA, lakini Nema ingebaki nje bado.) Jumla ni 262. Usiku hamsini wa kazi ya watu nilikuwa nimeufuta kwa mstari mmoja wa majivuno.

Asubuhi nilienda mwenyewe kwa tajiri na laptop mkononi. Nilimwonyesha yale majina matatu, nikampa na daftari afungue kurasa. Alitazama muda mrefu. Akaniuliza, "Kwa hiyo kompyuta ilikosea?" Nikamwambia hapana mzee, mimi ndiye niliyeuliza vibaya. Alipoziweka ndoo za usiku wote 262, mapato yalisimama. Nahodha bado yuko Neema.

Kinachonikaa kichwani ni kwamba niliweza kumwonyesha hatua zote tatu, moja moja, kata, panga, hesabu, na mzee asiyejua kompyuta akazifuata kwa kidole. Na faili lenyewe ni maandishi tu, hata simu ya mjomba inalifungua.

Basi kama mnataka kuanza, msisubiri kozi. Wenye Windows mnaweza kuweka Linux ndani yake tangu 2016. Wanaotishwa na Kiingereza, kumbukeni kuwa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, kwa hiyo maneno kama faili tunayo siku nyingi. Anzeni na ls, cd, grep, sort. Ila rm iogopeni, haina kapu la taka, ikifuta imefuta.

Mjomba sasa amebandika karatasi ukutani yenye jina la kila mtumbwi kwa tahajia moja, na ameniagiza betri mpya ya sola. Bumu lenyewe halijatoka. Kesho nina lab saa mbili asubuhi, ngoja nilale.