Matairi makubwa kwa gari la kila siku: chagua kwa hesabu, siyo kwa macho

Kuna swali linarudi kila siku vijiweni na kwa mafundi: nina Prado (au Surf, au Escudo), nataka kuipiga matairi makubwa ikae kibabe, niweke saizi gani? Majibu mengi ni ya macho tu: "Weka kama ya jamaa yule, yamekaa poa." Leo tulipeleke swali kwenye hesabu. Msimamo wangu nausema mapema: gari linalokwenda kazini kila siku lipande hatua moja tu juu ya saizi ya kiwandani, na uongeze urefu wa tairi kuliko upana. Ukipita hapo hununui tena matairi, umeanza kujenga gari jipya.

KWANZA, ZISOME NAMBA

Tuchukue mfano wa Prado ya 90/95, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 1996. Nyingi zilikuja na tairi 265/70R16. Maana yake ni hii: 265 ni upana wa tairi kwa milimita. 70 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 70 ya huo upana. R ni aina ya ufumaji wa ndani (radial). 16 ni ukubwa wa rimu kwa inchi.

Kupata kimo cha tairi zima: ubavu mara mbili, jumlisha rimu (inchi moja ni milimita 25.4). Hii ni hesabu ya shule kabisa:

- 265/70R16 (ya kiwandani): milimita 777
- 265/75R16 (hatua moja): milimita 804, ongezeko la asilimia 3.4
- 285/75R16 (hatua mbili na zaidi): milimita 834, ongezeko la asilimia 7.3

Sasa gari linainuka kiasi gani? Ni nusu ya ongezeko, kwa sababu nusu nyingine ipo juu ya ekseli. Hatua moja inakupa milimita 13. Ile ya pili inakupa 28. Siyo nyingi, lakini zina thamani: springi ndefu zinainua bodi tu, wakati difu ya nyuma inainuliwa na tairi peke yake. Na difu ndiyo inayogonga mawe. Kwa hiyo hamu ya matairi makubwa siyo ushamba, ina sababu. Tatizo ni gharama zinazokuja nyuma yake.

SPIDOMITA INAANZA KUKUDANGANYA

Spidomita inahesabu mizunguko, haijui kama umebadili tairi. Tairi kubwa linakwenda mbali zaidi kwa mzunguko mmoja. Ukiwa na 285/75R16, dashibodi ikisoma 100 wewe uko 107. Ikisoma 50 wewe uko karibu 54, na kwenye eneo la makazi hapo tochi ya trafiki inakusubiri. Spidomita nyingi hutoka kiwandani zikisoma juu kidogo ya mwendo halisi, ndiyo maana hatua moja mara nyingi haisumbui. Hatua mbili zinasumbua. Pima kwa GPS ya simu, mwenzako akiwa ndiye anaishika.

Hata hesabu ya mafuta inaharibika. Tuseme umetumia lita 50 na odomita imesoma kilomita 373. Utasema gari linakula, kilomita 7.5 kwa lita. Kumbe umekwenda kilomita 400, yaani 8 kwa lita. Ni kweli tairi kubwa na zito linaongeza ulaji, ila zidisha kwanza kilomita zako kwa 1.07 ndipo ulalamike.

NGUVU NA BREKI

Hapa ndipo mchezo unapoisha. Tairi refu ni sawa na kuongeza urefu wa gia zote. Kwa 285/75R16 nguvu inayofika barabarani inapungua karibu asilimia 7. Mlimani utashuka gia mapema, na gari la otomatiki litahangaika kutafuta gia.

Kushuka ni hatari zaidi. Breki zile zile sasa zinashindana na gurudumu refu na zito zaidi, na injini nayo inashika kidogo kuliko zamani. Fikiria mteremko wa Kitonga kule Iringa, gari lina watu saba na mizigo juu. Pedali uliyozoea kuigusa kidogo sasa unaikanyaga zaidi na kwa muda mrefu, breki zinachemka. Kwa hiyo kabla ya matairi makubwa, breki ziwe nzima: pedi, diski, mafuta ya breki. Kama hela inatosha kimoja tu, anza na breki.

UREFU AU UPANA?

Angalia Land Cruiser za porini, zile "mkonga" za miradi na hospitali. Nyingi zinatembea na 7.50R16: tairi refu, karibu sentimita 80, lakini jembamba. Siyo kwamba wenyewe walikosa mapana. Tairi jembamba linakata tope jepesi na kutafuta ardhi ngumu chini. Pana linapunga juu ya tope, linarusha matope hadi kwenye vioo, na usukani unakuwa mzito. Maji yakitanda juu ya lami, pana linaelea mapema zaidi.

Upana unasaidia kwenye mchanga. Lakini hata mchangani, kupunguza upepo kunafanya kazi kubwa kuliko kununua tairi pana. Shuka hadi PSI 18 au 20, pita taratibu bila kukata kona kali, kisha jaza tena KABLA ya kurudi lami. Tairi lenye upepo mdogo kwenye lami linachemka na kupasuka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ni muhimu kuliko rimu za kung'aa.

KASHATA ZA AINA GANI?

- H/T: za lami. Kimya, zinashika vizuri mvua ikinyesha, hazifai tope.
- A/T: za kati, lami na vumbi. Zinavumilia mawe na tope la kawaida.
- M/T: za matope. Kashata kubwa zenye nafasi pana. Lami zinapiga kelele, zinaisha haraka, na kwenye lami yenye maji gari linachelewa kusimama.

Hesabu wiki yako kwa ukweli. Kama siku sita ni lami na foleni na siku moja ni shamba, jibu ni A/T. M/T ni za mtu ambaye barabara yake ya nyumbani ni tope masika nzima.

YASOME MAANDISHI YA UBAVUNI

Ubavuni kuna kitu kama 112S. 112 ni mzigo: kilo 1,120 kwa tairi moja. S ni mwendo wa juu, kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Ukiona LT, tairi ni la kazi nzito, ubavu mgumu, na kwa kawaida linataka upepo zaidi kubeba mzigo ule ule. Usijaze kwa mazoea, muulize muuzaji.

Halafu tafuta neno DOT na tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa wanaonunua ya mtumba hii ni ya kufa na kupona: kashata zinaweza kuonekana mpya wakati mpira umeshazeeka na una mipasuko midogo ubavuni. La hivyo liache hapo hapo dukani.

LITAINGIA AU LITAGUSA?

Kabla ya kulipa yote, mwambie fundi afunge moja mbele. Kata usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, ukienda mbele na ukirudi nyuma. Pandisha gurudumu moja kwenye ukingo wa barabara urudie. Angalia linagusa madigadi, chesisi au bomba la breki. Lisipogusa gari likiwa tupu, jiulize likiwa na abiria wote itakuwaje. Kwa Prado yetu, 265/75R16 kwa kawaida inakaa bila kuinua gari. 285/75R16 inataka springi ndefu na kukata plastiki za ndani. Rimu zinazotokeza nje zinaepusha kugusa ndani, lakini zinakula beringi.

NUNUA MATANO, SIYO MANNE

Kwa gari lenye foo-wili ya muda wote, matairi manne lazima yawe kimo kimoja. Ukipata pancha ukafunga spea ya zamani iliyo fupi, difu ya kati inazunguka bila kupumzika mpaka iungue. Kwenye Prado hii spea inaning'inia mlango wa nyuma, na tairi zito linalegeza bawaba, kwa hiyo zikaguliwe.

Baada ya kufunga: balansi, alaimenti, na kaza nati tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Zungusha matairi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, spea ikiwemo. Na kampuni yako ya bima iambie umebadili saizi, usisubiri wagundue siku ya ajali.

KWA KIFUPI

Hatua moja, refu kuliko pana, A/T, mzigo usipungue, tarehe isomwe, breki kwanza, matano kwa pamoja. Hata kama leo gari huna na unalisukuma la bosi, hesabu hii itakusaidia siku ukiambiwa "dogo, nenda kaninunulie matairi".

Nawasilisha. Mwenye Hilux, Surf au Escudo atuwekee saizi anayotumia hapo chini pamoja na barabara anazopita, tulinganishe.